Hiki Si Kichwa cha Babu Yake

Mara ya kwanza nilipouona ubongo wa mwanangu, nilikuwa bado sijaruhusiwa kumnyonyesha. Alikuwa amelala ndani ya inkubeta, mpira mwembamba puani, kofia ya sufu ya rangi ya chungwa kichwani. Kofia hiyo ilifumwa na sista mmoja wa wodi ambaye hufumia watoto wote wanaozaliwa kabla ya wakati. Daktari wa picha alikuwa mama mwenye miwani minene na sauti ya mtu asiyependa kubishiwa. Alisukuma mashine yake mpaka pale tulipokuwa, akavua ile kofia, akampaka jeli utosini na kuweka juu yake kile kidude cha kupigia skani.

"Hapa mfupa haujafunga," alisema bila kuniangalia. "Ndiyo dirisha letu."

Kwetu Magharibi ya Kenya utosi wa mtoto hauguswi ovyo. Mama yangu alikuwa akimpiga mtu kofi la mkono kwa kuusogelea tu. Sasa nimesimama hapo na kanzu ya hospitali, naangalia mtu nisiyemjua akimkandamiza mwanangu mahali penyewe, na siwezi kusema kitu. Kwenye skrini niliona kijivu na weusi. Sikuelewa chochote, lakini nilimwona daktari akirudi mahali pamoja mara kadhaa, na roho yangu ikashuka mpaka kwenye viatu.

Mtoto alikuwa amezaliwa Kitengela, miezi saba haijatimia, kwenye kliniki ndogo karibu na nyumba tuliyopanga. Kutoka hapo tulikimbizwa na ambulensi mpaka Kajiado. Kwa hivyo daktari aliposema damu imevuja kwenye ubongo, mawazo yangu yaliruka moja kwa moja kwenye barabara.

"Ni yale matuta? Gari lilirukaruka njia nzima."

"Si matuta, wala si wewe. Mishipa ya watoto hawa bado haijakomaa, inapasuka siku za kwanza. Upande wa kulia damu ni kidogo. Kushoto imeingia mpaka ndani ya chumba cha maji."

"Itatoka?"

"Itayeyuka yenyewe. Mimi siogopi hiyo damu, mama. Naogopa isije ikaziba njia. Ubongo hutengeneza maji kila siku na kuyamwaga. Njia ikiziba, maji yanajaa, vyumba vinapanuka, vinaubana ubongo. Na mtoto huyu hawezi kukuambia kichwa kinamuuma. Kwa hivyo tutapiga picha kila wiki mpaka mimi niseme basi. Si mpaka wewe uchoke. Umesikia?"

Nilisikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na sauti ile naijua kwa sababu ndiyo ninayoitumia darasani. Siku hiyo niliapa kwamba mwanangu hatakosa picha hata moja, piga ua.

Tulipotolewa wodini mtoto alikuwa amepata mashavu kidogo. Picha mbili za mwanzo baada ya kutoka zilikuwa nzuri, vyumba vimetulia, vistari viwili vyembamba tu. Kisha mashine ikaharibika. Tukaambiwa tungoje fundi kutoka Nairobi, tutaitwa kwa simu. Hapo ndipo mama mkwe alipokuja Kitengela kutuchukua.

Mume wangu ni Mmaasai wa Bisil, dereva wa lori la masafa marefu, na wiki hizo alikuwa njia ya Mombasa. Kwao mama aliyejifungua haachwi kwenye nyumba ya kupanga akila mkate na chai. Anapelekwa nyumbani, anachinjiwa kondoo, ananyweshwa supu ya mafuta na mizizi mpaka kutembea kuwe kazi. Sikukataa. Nilikuwa nimechoka hadi mifupa ilikuwa ikinidai usingizi, na yule mama ananipenda, ingawa hajawahi kulisema. Alinifunika blanketi mbili na kunipa kikombe cha mafuta ya kondoo, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Wageni walikuja kila siku. Mtoto wa Kimaasai akisalimia mkubwa huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa kwa kiganja. Mwanangu hakuwa na shingo ya kuinamisha, kwa hivyo waliinama wao. Kila kiganja kilitua pale juu, na kila mmoja akatoa neno lile lile.

"Wacha we! Hiki ni kichwa cha babu yake!"

Baba mkwe ana kichwa kikubwa, nasema hivyo kwa heshima zote. Kofia za sokoni Bisil hazimwingii. Huzipasua kwa nyuma kwa kisu ndipo avae. Ndugu zake wote wako hivyo. Siku za mnada wa mifugo watu huwatania kwamba wakisimama pamoja, ng'ombe hawahitaji kivuli cha mti. Wanaupenda huo utani, wanatembea nao. Kwa hivyo kichwa cha mjukuu kilipoanza kukua, nyumba nzima ilifurahi. Mtoto aliyezaliwa mdogo kama njiwa, ambaye watu walikuwa wanaogopa hata kumuuliza hali, alikuwa ameanza kufanana na ukoo. Mzee mwenyewe alikuwa akisimama mbali kidogo, maana mkwe na baba mkwe hawakaribiani ovyo, na alikuwa akitabasamu mpaka meno yanaonekana yote.

Na mimi nilifurahi. Kwa nini nisifurahi? Nilipiga simu hadi kwetu nikawaambia mtoto ameanza kuwa Mmaasai.

Asubuhi moja nilikuwa namvalisha baada ya kumwogesha. Fulana aliyotoka nayo hospitalini bado ilimpwaya, mikono imepotelea ndani. Lakini ile kofia ya rangi ya chungwa ilikataa kuingia. Nikaivuta, ikapanda, ikaruka. Nikaivuta tena. Ikaruka tena. Nilikaa kitandani na kofia mkononi, nikamwangalia mtoto kuanzia miguuni. Miguu ilikuwa vijiti. Mbavu unaweza kuzihesabu. Mtoto hukua wote, hakui kichwa peke yake, na hilo halihitaji cheti cha udaktari.

Nikamshika wima, ametulia kabisa, halii, nikapitisha kidole utosini. Pale palipokuwa laini pamejaa na kukaza. Jana yake alikuwa ametapika maziwa yote, na mama mkwe akasema ameshiba kupita kiasi. Nikamwangalia machoni. Mboni zilikuwa zimeelekea chini, weupe unaonekana juu yake, kama anatafuta kitu kifuani mwake.

Siku hiyo hiyo ujumbe uliingia kwenye simu: mashine imepona, leteni watoto. Nikaenda jikoni.

"Mama, kesho naenda Kajiado. Mtoto apigwe picha."

Mama mkwe hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Picha ya nini? Mtoto ananyonya. Analala. Unampeleka hospitali wakamtafutie ugonjwa?"

"Hawamtafutii, Mama. Uko naye tayari."

"Nyinyi watu wa kusoma muko na haraka. Huyu hata kunyolewa hajanyolewa. Nani anatoa mtoto nje na nywele za tumboni?"

"Mama, kichwa kinakua vibaya."

Hapo aligeuka. "Kichwa cha mume wangu ndiyo vibaya?"

Aka! Nilijua nimekanyaga mahali pabaya. Lakini pia nilijua kwamba nikingojea mume wangu arudi kutoka Mombasa aje kunisemea, nitakuwa nimengojea sana. Nikambeba mtoto, nikatoka nje.

Baba mkwe alikuwa amekaa na wazee wawili wa rika lake, wanakunywa chai. Mkwe hupeleka chai pale, anaweka, anaondoka ameangalia chini. Mimi nilifika mikono mitupu, isipokuwa mtoto, nikasimama mbele yao kama niko darasani. Kwetu pia jambo hili haliwezekani. Mama yangu angeniona angeketi chini pale pale.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Hiki si kichwa chako."

Mzee mmoja alipaliwa na chai. Baba mkwe aliweka kikombe chini polepole.

"Umesema nini?"

"Hiki si kichwa chako, Baba. Mnakisifu na ni maji. Alivuja damu ubongoni alipozaliwa, damu ikaziba njia, sasa maji yanajaa ndani yanasukuma mfupa. Wewe ulizaliwa na kichwa chako. Huyu alizaliwa na kichwa kama limau, ulimwona mwenyewe. Hakiwezi kuwa hivi kwa muda huu."

Nilingojea anifukuze. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nitapitia njia gani hadi lami, nitasimamisha nini. Lakini mzee hakukasirika. Alikunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya mtu.

"Maji ndani ya ubongo," alisema. "Kama ormilo?"

"Sijui ormilo, Baba."

"Ni ya kondoo. Anaanza kuzunguka mahali pamoja, kichwa upande. Anaacha wengine. Ukipasua fuvu unakuta mfuko wa maji, ubongo umesukumwa kando." Akawaangalia wenzake, nao wakatikisa kichwa. Walimjua kondoo huyo, kila mmoja alikuwa amempoteza mmoja au zaidi.

"Si ugonjwa huo, Baba. Lakini ubongo ni ubongo, na maji yakiubana ni yale yale."

"Kondoo wa ormilo tunachinja," alisema. Hakusema kwa ukatili. Alikuwa ananiuliza.

"Huyu kuna dawa. Kuna mrija wanaweka, maji yanashuka tumboni. Lakini lazima waone mapema. Utosi ukiwa wazi wanaona. Ndiyo maana nataka kwenda kesho."

Baba mkwe alisimama. Akanyoosha mkono kumgusa mtoto kama walivyofanya wageni wote, lakini mkono ukasimama hewani, haukutua. Sijawahi kumwona akiogopa kitu, na siku hiyo aliogopa.

"Kesho ya nini?" akasema. "Mwende leo."

Akampigia simu jirani mwenye pikapu. Kisha akaingia jikoni kwa mama, wakaongea Kimaa, sauti ya chini. Nilishika neno moja tu, hospitali. Mama mkwe alitoka amejifunga shuka, uso umekunjwa, akapanda mbele kabla yangu. Hatukusemezana mpaka Kajiado.

Kufika kwenye dirisha la picha, msichana aliyekuwa zamu akasema daktari anayepiga vichwa vya watoto ako kwa mkutano. "Kujeni Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi," nikasema.

"Ndiyo nakuambia Jumatatu, mama."

"Dada yangu, mtoto huyu macho yake yanaangalia chini na utosi umefura. Mimi Jumatatu siijui. Niko hapa, siondoki."

Akainua mabega. Hapo mama mkwe, ambaye hakuwa upande wangu hata kidogo, bali hapendi tu kurudishwa na mtoto wa watu, alitandika shuka lake chini, katikati ya mlango wa chumba cha picha, akaketi na kunyoosha miguu. Mtu wa kuingia ilibidi amruke. Alipoambiwa asogee alijibu kwa Kimaa kirefu, na hata askari aliyeitwa alisimama kando akajifanya anasoma mabango ya ukutani. Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Haikupita muda mrefu, mama wa miwani minene akaja na funguo mkononi.

"Ni nani amefunga mlango wangu?" akauliza, kisha akamwona mtoto. Hakuuliza tena.

Jeli, utosi, kile kidude. Nilikuwa nimeshajifunza kusoma ile skrini, kidogo tu, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua herufi mbili. Haikuhitaji zaidi. Vile vistari vyembamba havikuwepo. Mahali pao palikuwa na mabwawa mawili meusi, la kushoto kubwa zaidi, yamejaza karibu kila mahali. Daktari alipima, akapima tena.

Mama mkwe alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Hii nyeusi ndiyo maji?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mtoto ako wapi?"

Daktari hakumcheka. Alichukua kalamu, akaonyesha ukanda wa kijivu uliobanwa pembeni, chini ya mfupa. "Huyu hapa," akasema. "Bado yuko."

Mama mkwe aliketi. Alinishika mkono, mara ya kwanza tangu niolewe, na alinishika hivyo mpaka ambulensi ya Nairobi ikaja, na ndani ya ambulensi, na tulipoteremka.

Kule Nairobi daktari wa upasuaji alituambia ukweli wote, na ninamshukuru kwa hilo. Alisema mrija utatoa shinikizo, lakini kilichokwisha kuumia hakuna mtu anayejua. Upande wa kushoto ndio unaoendesha mguu wa kulia na mkono wa kulia. Mara nyingi ndio upande wa maneno pia. Anaweza kutembea au asitembee. Anaweza kuongea au asiongee. Nikamuuliza tutajuaje. Akasema, "Kwa kumlea."

Walihitaji kunyoa upande wa kichwa. Mama mkwe alimwomba sista wembe, akanyoa mwenyewe, taratibu, akilowesha kwa maji na kumnong'onezea mtoto maneno ambayo sikuyaelewa. Nywele alizikunja kwenye leso akazitia kifuani. Mume wangu alifika na nguo za safari, ananuka dizeli, akasimama nyuma yetu. Nilikuwa na hasira naye kwa kuchelewa, na nilifurahi kumwona, na sikuwa na nguvu ya kuchagua moja.

Mtoto alitoka salama. Kichwa kiliacha kukimbia. Macho yalipanda, yakanitafuta. Sitasahau asubuhi ile aliponiangalia moja kwa moja, mimi na si kifua chake mwenyewe. Nilimsalimia kwa Kimaa, "Supa," nikamjibia mwenyewe, "Ipa."

Baada ya hapo maisha yalikuwa ni kazi. Nilirudi Kitengela, nikarudi darasani. Jumanne ni mazoezi ya viungo, mguu wa kulia ukivutwa na kukunjwa huku akinizomea kwa kilio. Picha za Kajiado ziliendelea, kwanza karibu karibu, kisha mbali mbali. Mrija ukiziba maji yanarudi, kwa hivyo kila picha nilikwenda nimekaza meno. Watu waliniambia, mwalimu, pumzika, mtoto anaonekana mzima. Walikuwa wakipoteza pumzi. Alichelewa kukaa, alichelewa kutambaa, na alipotambaa mguu mmoja ulikuja nyuma kama mkia. Nilihesabu hiyo kuwa kutambaa. Maneno ndiyo hayakuja. Wenzake kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga walikuwa wanaita mama, wanaita maji, wanaita mbwa wa jirani. Wangu alikuwa ananiangalia tu kwa makini, mdomo umefungwa, na mimi nilikuwa naongea naye kutwa nzima kama mwendawazimu.

Kisha siku moja yule mama wa miwani alipaka jeli, akaweka kidude, akasogeza, akainamisha, akasogeza tena. Skrini ilikuwa nyeupe mbele, nyuma yake giza tupu. Akazima mashine.

"Nini?" nikasema. "Kuna nini? Jaribu tena."

"Hakuna kitu, mama. Utosi umefunga. Sioni ndani."

"Jaribu kando."

"Amefunga. Ndivyo watoto hufanya." Akavua miwani, na mara ya kwanza niliona macho yake, madogo, yamechoka. "Akitapika, akilala kupita kawaida, akianguka anguka, mlete tukampige picha kwa ile mashine kubwa. La sivyo, mimi sasa nasema basi."

Nilimfuta mtoto jeli nikilia, kilio cha hasira kabisa. Nilikuwa nimemwona ndani kuliko mama yeyote ninayemjua. Nimeyaona maji yakija na yakiondoka. Na sasa nimefungiwa nje kama mama wengine wote, na neno moja sijasikia kutoka kwake.

Nje nikampigia baba mkwe, maana hiyo ilikuwa sheria yake: kila picha, yeye kwanza.

"Wameona nini?"

"Hawajaona kitu, Baba. Kichwa kimefunga. Hawawezi kuona ndani tena."

Nilisikia mbuzi upande wake, na upepo.

"Sawa," akasema. "Basi tutangoja aongee, atuambie mwenyewe kuna nini huko."

Ametimiza miaka minne. Anatembea na kifaa cha mguu, anamaliza viatu upande mmoja. Jana jioni nilikuwa nasahihisha madaftari, naye ameketi chini ya meza ananisimulia kuhusu kuku wa jirani, hadithi isiyo na mwanzo wala mwisho, nusu Kiswahili, nusu Kimaa cha bibi yake. Nikamwambia, "Baba, hebu nyamaza kidogo nimalize." Akanyamaza. Ukimya ulipofika kwenye daftari la tatu nilishindwa kuuvumilia, nikaweka kalamu chini, nikamwambia aendelee.